Bomba Limepita, Maji Yako Wapi? Historia Fupi ya Mabomba Makubwa ya Ruiru na Thika

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, hapa Ruiru na Thika lazima usikie maneno mawili. Wa kwanza anapanda jukwaani na kusema, "Maji yetu yanabebwa kwenda Nairobi!" Wa pili anajibu, "Mabilioni yamemwagwa, bwawa mmejengewa, mnataka nini tena?" Umati unawapigia makofi wote wawili. Halafu watu wanarudi nyumbani kupanga foleni ya mitungi.

2/ Mimi ni mkaazi wa Ruiru, na mjadala huu nimeusikia ukizungushwa miaka mingi bila historia ndani yake. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Wa mrengo huu na wa mrengo ule, tulieni, leo hakuna anayepigwa. Nataka tuangalie mabomba makubwa ya maji yaliyopita kwetu tangu 1938: yalijengwa vipi, hukwama wapi, na mbona hadi leo mtu anaweza kulala karibu na bomba kuu na bado anunue maji.

3/ Hoja yangu naiweka mapema ili asiye na muda asisumbuke. Milima na miamba haijawahi kutushinda. Wahandisi walitoboa, wakapita. Kinachotukwamisha ni makubaliano: nani anatoa ardhi, nani anapata maji kwanza, nani anajenga yale mabomba madogo ya mtaani, na nani analipa deni. Mambo hayo yakingoja siku ya kukata utepe, tumeshachelewa.

4/ Tuanze na Nairobi. Reli ilifika pale 1899, na mji ukaota mahali ambapo wajenzi wa reli walihitaji kambi na karakana. Hakuna aliyepiga hesabu ya maji ya watu zaidi ya milioni 4. Mwanzoni walitegemea chemchemi za Kikuyu. Kwa kituo cha reli na maduka machache zilitosha. Kwa jiji, hapana.

5/ Ndipo macho yakageukia mito inayoshuka kutoka Aberdare. Mwaka 1938 maji ya mto Ruiru yakaanza kupelekwa Nairobi kwa bomba, na kufikia 1950 bwawa la Ruiru lilikuwa limekamilika. Tusichanganye: bwawa hilo haliko Ruiru mjini. Liko juu huko, kwenye nyanda za juu za Kiambu. Jina ni letu, maji yakaenda jijini. Kile kilio cha "maji yetu" kilizaliwa hapo, na sasa kina zaidi ya miaka 80. Hakuna mwanasiasa wa leo aliyekibuni.

6/ Enzi hizo mwenyeji hakuulizwa kitu. Serikali ya kikoloni iliamua, mji ukapata maji, basi. Ramani ya mabomba ikachorwa hivyo: kutoka mlimani moja kwa moja hadi jijini, bila kusimama njiani. Uhuru ulipokuja tuliirithi ramani hiyo, tukairefusha, lakini hatukuibadilisha sana.

7/ Mwaka 1956 likaja bwawa la Sasumua, Kinangop, ambako leo ni kaunti ya Nyandarua. Mwaka uliofuata, 1957, upande mwingine wa nchi likakamilika bomba la Mzima: takriban kilomita 220 kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo hadi Mombasa. Muulize mtu wa Taita Taveta atakuambia hadithi ile ile. Maji yanatoka kwao, yanapita, yanafika kwa wengine, na viongozi wao wamedai fungu lao miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo kilio hiki hakina kabila wala mkoa. Kinafuata bomba.

8/ Baada ya uhuru ilikuwa zamu ya mto Chania. Kituo cha kusafisha maji cha Ng'ethu, Gatundu Kaskazini, kilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Halafu mwaka 1994 likaja bwawa la Ndakaini, Gatanga, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Jina lake lingine ni Bwawa la Thika, kwa sababu mto Thika ni mmoja wa mito inayoingia humo. Maji yakitoka Ndakaini hushuka hadi Ng'ethu, husafishwa, kisha husafiri kwa bomba hadi matangi ya Gigiri. Zaidi ya robo tatu ya maji ya Nairobi hutegemea njia hii moja. Ukisimama pale Blue Posts, Thika, ukatazama maporomoko ya Chania na ya Thika, unachokiona ni kile kilichobaki baada ya jiji kuchukua chake.

9/ Sasa kuna somo dogo la jiografia ambalo halitajwi kwenye mikutano. Ndakaini iko karibu mita 2,041 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Maji yanateremka yenyewe, huhitaji kulipa stima ya kuyasukuma. Ndiyo maana bomba halifuati Thika Road. Linapita kwenye mabega ya vilima vya Gatundu na Kiambu ili lisipoteze urefu kabla ya kufika Gigiri.

10/ Thika na Ruiru je? Sisi tuko mita 1,500 na kitu. Yaani tuko chini kuliko Nairobi. Maji yaliyo ndani ya lile bomba yangeweza kushuka kwetu kwa urahisi zaidi kuliko yanavyofika Gigiri. Kwa hivyo mtu asikuambie mlima ndio umezuia. Hakuna mlima. Bomba lilipangwa kwa ajili ya jiji, na sisi hatukuwa kwenye mchoro.

11/ "Basi mbona tusitoboe tu?" Nimesikia watu wakiuliza, wengine kwa mzaha, wengine kwa hasira. Kuna sababu za kweli. Bomba linalotoka bwawani kwenda kituoni hubeba maji ghafi, hayanyweki. Na bomba lililosafishiwa maji linategemea presha. Kila tundu ambalo halikupangwa linapunguza presha ya walio mwisho, na hao pia ni watu. Mama wa Kayole naye ananunua mtungi. Ili kijiji cha njiani kipate maji vizuri, lazima toleo lake, valvu, tangi na mita viwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi. Bomba likishafukiwa, kila ombi linakuwa mradi mpya wenye bajeti mpya.

12/ Majirani zetu walijaribu njia nyingine. Tanzania ilipojenga mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa 2009, vijiji vilivyo kando ya bomba kuu viliingizwa kwenye mpango. Baadaye serikali ikaweka msimamo kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kutoka bomba kuu vipewe maji. Sisemi kila kijiji kimepata. Nasema kanuni ipo, mwananchi anaweza kuishika na kumuuliza mbunge wake. Sisi hapa hatuna kilomita ya kushika.

13/ Twende kwenye ardhi, maana hapo ndipo miradi mingi hulala. Bwawa linataka kipande kimoja kikubwa. Bomba linataka ukanda mwembamba lakini mrefu. Utafikiri bomba ni rahisi. Si rahisi. Ukanda huo unapita kwenye mashamba ya mamia ya familia, kando ya barabara, chini ya reli, mbele ya kanisa. Mmoja akikataa, au kesi moja ikiingia mahakamani, kilomita 20 zilizokwisha kabla yake na 20 baada yake zinakaa bure. Barabara iliyojengwa nusu unaweza kupita nusu. Bomba la nusu halitoi hata tone.

14/ Kisheria serikali ina njia mbili. Inaweza kuichukua ardhi kabisa kwa manufaa ya umma. Ama inaweza kuchukua haki ya njia tu: shamba linabaki lako, lakini juu ya bomba hujengi nyumba wala hupandi miti ya mizizi mikubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema ardhi ikichukuliwa kwa lazima lazima fidia iwe ya haki, ilipwe yote, na ilipwe upesi. Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo husimamia. Kwenye karatasi ni tamu kabisa.

15/ Mashinani mambo ni mengine. Kiambu na Murang'a hati nyingi za ardhi bado ziko kwa jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wanalima, kila mmoja anajua mpaka wake, lakini hakuna aliyefungua kesi ya urithi. Mthamini akija, amwandikie nani? Pesa zinakwama hata pale ambapo zipo.

16/ Na mara nyingi hazipo. Mkopo wa nje kwa kawaida unamlipa mwanakandarasi, mabomba na mitambo. Fidia ya ardhi inaachiwa bajeti yetu wenyewe, na bajeti yetu mnaijua. Matokeo yake matingatinga yanafika kwa shamba la mzee kabla ya pesa zake. Mzee akisimama mbele ya tingatinga anaitwa adui wa maendeleo. Lakini ukiangalia vizuri, anadai tu kile ambacho katiba imemwahidi.

17/ Kuchelewa huku kuna bei, na anayelipa ni wewe. Mkopo ukishatiwa sahihi, mikopo mingi hutozwa ada hata kwa zile pesa ambazo bado hatujazichukua. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ameilalamikia ada hiyo mara nyingi kwenye ripoti zake. Mwanakandarasi naye akizuiwa kuingia shambani analeta bili ya kusubiri: mashine zimelala, wafanyakazi wanalipwa, riba inapanda. Kwa hivyo ukisikia mradi umepanda bei, wizi uulizie, ndio. Lakini ulizia pia tarehe: wenye mashamba walilipwa lini, na mwanakandarasi aliitwa lini?

18/ Sasa ule ugomvi uliotikisa nchi nzima: handaki la Northern Collector kule Murang'a. Urefu wake ni kilomita 11.8. Linachota maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati, linayapitisha chini ya ardhi na kuyamwaga mto Githika ili yaingie Ndakaini. Lengo lilikuwa kuongezea Nairobi lita milioni 140 kwa siku. Benki ya Dunia ilitoa mkopo.

19/ Mwaka 2016 handaki likageuka silaha ya kampeni. Upande mmoja ukasema Murang'a, Garissa na Tana River zitakuwa jangwa. Upande wa pili ukasema hayo ni uchochezi, maji yatakayochukuliwa ni ya mafuriko tu. Wakenya wakaamini kulingana na walivyopiga kura. Nilikuwa nikifuatilia, na sikumbuki mjadala hata mmoja mkubwa wa runinga ambapo mtu aliweka ramani ya mito mezani.

20/ Tuiweke sisi. Mito Thika, Chania na Maragua yote ni ya bonde la Tana. Nairobi iko bonde la Athi. Maji yakishahamishwa kutoka bonde moja kwenda jingine, kwenye mto wake hayarudi tena. Huko chini kuna Masinga inayozalisha umeme, kuna wakulima, kuna miji kama Garissa. Hoja ya wapinzani hapo ilikuwa nzito. Lakini neno "jangwa" lilitiwa chumvi, kwa sababu Tana hulishwa pia na mito ya Mlima Kenya na mingine mingi ambayo handaki haliigusi.

21/ Upande wa serikali nao ulikuwa na hoja. Mitambo ya kuchotea iliundwa ili kiwango fulani cha maji kiendelee na mto kwanza, ndipo ziada ichukuliwe. Huo ni uhandisi wa kawaida. Lakini "maji ya mafuriko tu" ni ahadi, na ahadi ya mto hupimwa kila siku. Wakati wa kiangazi, jiji likiwa na kiu, nani anasoma kipimo? Mkulima wa Maragua anaweza kuziona hizo namba? Swali hilo ndilo lingefaa kupigiwa kelele 2016. Badala yake tulipigiana kelele kuhusu jangwa.

22/ Na tusiwasahau wa Nairobi. Mwaka 2017 mvua zilipokosekana Ndakaini ilishuka vibaya na jiji likaingia kwa mgao. Jiji kutegemea bwawa moja kiasi hicho ni hatari, na waliotaka chanzo kingine hawakuwa wendawazimu. Handaki lilichelewa miaka kadhaa na likazinduliwa 2022. Lakini handaki peke yake halikuletei maji mezani. Lilihitaji kituo kipya cha kusafisha pale Kigoro, Gatanga, na bomba jipya la kufika Gigiri, na kila sehemu ilikuwa na kandarasi yake. Mradi kama huu ni mnyororo. Pingili moja ikichelewa, zile zingine zinakaa zikingoja huku riba ikihesabiwa.

23/ Tufike nyumbani sasa. Karimenu II, Gatundu Kaskazini, ilizinduliwa 2022 kwa gharama iliyotangazwa ya takriban shilingi bilioni 24, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China. Kwetu huu ni mradi wa tofauti, na ni haki tuuseme wema wake. Kwa mara ya kwanza bwawa kubwa la upande huu lilichorwa likiwa na fungu letu ndani: kati ya lita milioni 70 kwa siku, milioni 23 zilipangiwa Ruiru, Juja na maeneo ya karibu, na milioni 47 Nairobi. Baada ya miaka 80 na zaidi, bomba hatimaye liliambiwa lisimame Ruiru.

24/ Lakini piga hesabu nami. Sensa ya 2019 iliipata Ruiru mjini na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa Kenya. Lita milioni 23 ukizigawia Ruiru peke yake, kila mtu anapata kama lita 47, mitungi miwili na kidogo. Hapo Juja haijapata hata tone, na hakuna hata lita moja iliyovuja njiani. Ruiru ina vyanzo vingine pia, ndio. Lakini yule aliyesema jukwaani "shida ya maji imeisha" hakuwa ameshika kikokotoo.

25/ Hapa kuna mtego unaovikumba vyama vyote. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 hapa Ruiru. Miaka 10 baadaye tukawa zaidi ya mara mbili. Thika nayo ilitoka 139,853 hadi 251,407. Thika Road ilipopanuliwa na kukamilika 2012, mashamba ya kahawa yakawa ploti, ploti zikawa ghorofa. Barabara ilileta watu upesi kuliko bomba linavyoweza kuleta maji. Kuchora, kukopa, kulipa ardhi na kujenga huchukua miaka. Mradi ukifunguliwa, mji uliochorewa umeshabadilika.

26/ Halafu kuna ile safari ya mwisho, kutoka tangi hadi mfereji wako. Kwa Katiba, Jedwali la Nne, huduma za maji na majitaka ni kazi ya kaunti. Lakini mabwawa na mabomba makuu hujengwa na wakala wa kitaifa, kwetu hapa Athi Water Works. Wakala anafikisha maji kwenye tangi. Kutoka tangi hadi mtaani ni kazi ya kampuni ya kaunti, ambayo mara nyingi haina pesa za kutosha za kutandaza mabomba. Na sijawahi kuona mheshimiwa akikata utepe wa bomba la inchi mbili. Picha nzuri hupigwa juu ya ukuta wa bwawa. Basi maji yanaweza kuwa tangini huko juu, na mtaani mkokoteni wa mitungi unaendelea na biashara.

27/ Ongeza uvujaji. Karibu nusu ya maji yanayoingia kwenye mabomba ya Nairobi miaka ya karibuni hayaingizi malipo: mengine yanavuja kwenye mabomba makuukuu, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita mbovu. Ukitoboa mlima kilomita 11.8 kisha nusu ya maji yakapotelea chini ya mitaa, mkulima wa Murang'a ana haki ya kuuliza kama haikuwa nafuu kuziba kwanza. Ukarabati hauna kampeni, lakini lita ni lita.

28/ Jambo moja la usalama, maana wengi wetu tunanunua ploti. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978. Miaka ilivyopita makazi yakasongea hadi karibu nalo. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja mtaa wa Sinai, Nairobi, moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakafa. Maji hayawaki moto, lakini haki ya njia isiyolindwa inaua pia: bomba kuu la maji likipasuka chini ya nyumba, linabeba nyumba. Na siku wakitaka kulirekebisha, nyumba yako ndiyo itakuwa kizuizi, bila fidia. Kabla ya kulipa ploti Ruiru, Juja au Thika, tafuta ramani rasmi ya upimaji, uliza kama kuna ukanda wa bomba. Usiulize dalali peke yake.

29/ Wengine watasema dawa ni kaunti zenye maji zilipwe sehemu ya mapato. Murang'a imedai hivyo, Taita Taveta imedai hivyo. Mswada wa kugawana manufaa ya maliasili umezungushwa bungeni tangu 2014, na serikali zimebadilika huku ukizunguka. Mimi nauunga mkono wazo hilo, kwa sharti moja: pesa zisiishie makao makuu ya kaunti. Aliyeacha shamba lake ni mtu wa kijiji. Gavana hakuacha kitu. Fungu likirudi, lirudi kama toleo la maji, zahanati, ama miche ya kulinda chanzo cha mto, pale pale bomba linapopita.

30/ Kwa hivyo mwaniaji wa chama chochote akija na bomba jipya mdomoni, na wanakuja, muulize haya manne:
Fidia ya ardhi imetengwa kwenye bajeti ya mwaka gani?
Vijiji vya njiani vina matoleo mangapi kwenye mchoro?
Nani anajenga mabomba ya mtaani, kwa pesa zipi, na yataisha pamoja na bomba kuu ama miaka 5 baadaye?
Kiangazi kikija, nani anapunguziwa maji kwanza, na namba za mto zitawekwa wapi tuzione?

31/ Atakayejibu "hayo ni ya wataalamu" hajajibu. Wataalamu hujibu vizuri wakiulizwa mapema. Na mapema kuna mahali pake: vile vikao vya umma kabla ya mradi kupitishwa, ambavyo tunaviacha kwa wazee watatu na chifu, halafu tunakuja kulia mtandaoni baada ya mabomba kufukiwa. Sheria inatupa kiti pale. Tukikalie.

32/ Watu wa Gatundu, Gatanga, Kinangop, Taita Taveta: semeni hapa chini bomba lenu linapita wapi na toleo la karibu liko umbali gani. Kama uliwahi kusubiri fidia ya bomba, andika ulisubiri muda gani, bila kutaja majina ya watu. Uzi ujao nataka tuongelee mabomba ya majitaka, kwa sababu maji yakishaingia Ruiru lazima yatoke, na huko hakuna anayetaka kukata utepe kabisa.